Hartline alifanya vyema kung'ang'ania jicho la Limulus

Katika maabara ya Haldan Keffer Hartline, mwanafisiolojia wa Marekani, kulitokea jambo ambalo kwa hesabu za kawaida halikupaswa kutokea. Alikuwa akipima misukumo ya umeme inayopita kwenye uzi mmoja tu wa neva ya jicho la mnyama wa baharini aitwaye Limulus. Mwanga ulielekezwa kwenye sehemu ndogo ya jicho hilo, na neva ikawa inapiga kwa mwendo uliotulia. Taa nyingine za chumbani zilipoliangaza jicho hilohilo, mwendo ule mara nyingi ulipungua. Mwanga umezidi, jibu limefifia. Mtafiti mwenye haraka angezizima taa hizo, akatia chumba giza na kuendelea na vipimo alivyokuwa amepanga. Hartline alilisimulia jambo hili mwenyewe katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967, na kwa kulifuatilia alitupa moja ya kanuni za msingi za jinsi seli za neva zinavyofanya kazi kwa pamoja.

Namleta Hartline kwa sababu ya swali ambalo kila mtafiti kijana hukutana nalo anapoomba ruzuku: kazi yako itamsaidia mgonjwa gani, na baada ya miaka mingapi? Hartline asingeweza kulijibu mwaka 1932 alipochapisha vipimo vyake vya kwanza vya uzi mmoja wa neva. Asingeweza kulijibu hata mwaka 1956, akiwa tayari na jina kubwa. Msimamo wangu ni kwamba kamati ambayo ingemnyima fedha kwa kukosa jibu hilo ingekuwa imekosea kwa vigezo vya sayansi yenyewe, na kwamba kamati nyingi za leo zinafanya kosa hilohilo zikiamini zinamtetea mgonjwa.

Alizaliwa mwaka 1903 katika mji mdogo wa Bloomsburg, Pennsylvania, mtoto wa mwalimu wa biolojia. Alisomea udaktari Johns Hopkins na kuhitimu mwaka 1927, lakini njia ya hospitali hakuifuata. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa ameshaanza kupima umeme wa macho. Mwaka 1925 alichapisha vipimo vya umeme unaozuka jichoni mwanga unapoingia, kwa wanyama walio hai na kwa binadamu pia. Kipimo cha aina hiyo madaktari wa macho wanakitumia mpaka leo. Kwa mtu mwenye kiu kama yake, hata hivyo, kilikuwa na upungufu mkubwa: kinatoa jumla. Mamilioni ya seli yananguruma kwa wakati mmoja, na mpimaji anaambulia ngurumo. Seli moja imejibu nini, na imemfanya nini jirani yake, hilo halionekani.

Njia ya kutoka hapo ilifunguliwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1926 Edgar Adrian na Yngve Zotterman walinasa misukumo ya uzi mmoja wa neva ya hisi, na kazi za Adrian za miaka ile zikaonyesha kwamba neva haipazi wala haipunguzi sauti. Kila msukumo una ukubwa uleule. Kinachobadilika ni idadi ya misukumo kwa sekunde. Adrian alilijaribu na jicho la mkunga, akapata nyuzi nyingi zikipiga kwa pamoja. Kuzitenganisha kulikuwa kumemshinda. Detlev Bronk, Mmarekani aliyefanya kazi naye, alirudi nyumbani na ujuzi huo na kuongoza Johnson Foundation katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hartline akajiunga huko mwaka 1931.

Kabla ya kufika kwa Bronk alikuwa ametumia miaka kadhaa kujifunza hisabati na fizikia, kwanza Johns Hopkins, kisha Leipzig na Munich, kwa Werner Heisenberg na Arnold Sommerfeld. Hakuwa mwanafizikia, na kwa macho ya mkaguzi wa ruzuku miaka ile ingeonekana kama mzunguko usio na tija: daktari wa tiba anaenda Ujerumani kusikiliza mihadhara ya fizikia, kisha anarudi kwenye macho. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini naiona kuwa miaka yenye faida kubwa kuliko mingi katika maisha yake ya kazi.

Kilichokuwa kinahitajika sasa ni mnyama. August Krogh, mwanafisiolojia wa Denmark, aliandika mwaka 1929 kwamba kwa maswali mengi ya fisiolojia yupo mnyama, au wapo wachache, ambao kwao swali hilo huchunguzika kwa urahisi kuliko kwa wengine wote. Kwa swali la Hartline mnyama huyo alikuwa akipatikana ufukweni Woods Hole, Massachusetts, ambako watafiti wa biolojia ya bahari walikuwa wakikusanyika kila majira ya joto. Jina lake kamili ni Limulus polyphemus. Watu humfananisha na kaa, ingawa kwa nasaba yuko karibu zaidi na buibui na nge. Ana gamba gumu, mkia mrefu uliochongoka, na kila upande wa gamba kuna jicho lililoundwa na vipokezi vya mwanga vinavyokaribia 1,000, kila kimoja na lenzi yake. Vipokezi hivyo ni vikubwa kiasi kwamba waweza kukimulika kimoja bila kuwagusa majirani zake. Na neva inayotoka kwenye jicho hilo ina urefu wa sentimita kadhaa. Kwa mtu anayetaka kutenganisha nyuzi, urefu huo ni neema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Jicho na kipande cha neva yake vinatolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi, mtafiti anainamia hadubini na kuanza kuipasua neva kwa sindano nyembamba za kioo. Anaigawa, anakiweka kipande juu ya elektrodi, waya wa kunasa umeme wa neva, anawasha mwanga, anasikiliza. Bado nyuzi ni nyingi. Anaigawa tena. Kipande kikikauka, kazi imeharibika. Kikivutwa mno, uzi umekufa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku kuinama kulikuwa kwa saa nyingi, mpaka pale inapobaki milio iliyo sawa kwa ukubwa, ikifuatana kwa mpangilio usio na vurugu. Hapo mtafiti anajua kwamba anasikiliza uzi mmoja, kutoka kipokezi kimoja.

Aliifanya kazi hiyo na Clarence Graham, mwanasaikolojia, na mwaka 1932 wakachapisha. Mwanga ukiwaka, uzi unafyatua misukumo mingi ya haraka, kisha unatulia kwenye mwendo wa chini unaodumu muda wote mwanga unapokuwepo. Mwanga ukiongezwa nguvu mara kumi, misukumo haiongezeki mara kumi. Inapanda kwa hatua, ikifuata takriban logariti ya nguvu ya mwanga, yaani kila mwanga unapozidishwa mara kumi huongezeka kiasi kilekile. Kwa njia hiyo uzi mmoja unaweza kuhudumu kuanzia mwanga hafifu hadi mkali sana bila kufika kikomo. Mambo ambayo wanasaikolojia walikuwa wameyakisia kwa kuwahoji watu kuhusu wanachokiona, sasa yalikuwa yakisikika katika neva ya mnyama asiyeweza kuhojiwa.

Pingamizi la kwanza linajulikana, na halikosi uzito. Jicho hili halifanani na letu. Sisi tuna retina, utando mwembamba nyuma ya jicho ambao kwa asili yake ni sehemu ya ubongo iliyosogea mbele, na ndani yake mna matabaka: seli za vijiti na koni zinazopokea mwanga, seli za katikati zinazochakata, na seli za ganglioni ambazo nyuzi zake ndizo zinazounda neva ya macho. Limulus hana mpangilio huo. Kwa nini kijana mwenye shahada ya udaktari apoteze ujana wake kwa mnyama kama huyo?

Hartline mwenyewe alilipa pingamizi hili heshima yake kwa kulipima. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 alimgeukia chura. Neva ya macho ya chura haikumpa nafasi ya kuitenganisha alivyozoea, kwa hiyo alilifungua jicho, akaondoa ute wa ndani, na kuzinyanyua nyuzi juu kabisa ya retina kabla hazijakusanyika kuwa neva. Ukitazama ukubwa wa jicho la chura, unaelewa ni mikono ya namna gani iliyohitajika. Alichokikuta mwaka 1938 kilikuwa tofauti na Limulus. Baadhi ya nyuzi zilijibu mwanga kwa kuendelea kupiga muda wote. Nyingine zilipiga mwanga ulipowaka na mwanga ulipozimwa, zikakaa kimya katikati. Nyingine tena hazikusema lolote wakati wa mwanga, zikaja kupiga kwa nguvu mwanga ulipoondoka. Aliona pia kwamba kila uzi una eneo lake juu ya retina, pana kuliko kipokezi kimoja, na nje ya eneo hilo mwanga hauusumbui.

Hapa ndipo ninapoiona akili ya kazi nzima. Chura alikuwa amempa utajiri ambao mtafiti mwingine angeukalia maisha yake yote. Retina ya mnyama mwenye uti wa mgongo ilikuwa imejifunua kuwa inachakata mwanga na kuamua, kabla habari haijafika ubongoni. Hartline aliutangaza ugunduzi huo, akaufuatilia kwa miaka michache, kisha nguvu zake kubwa akazirudisha kwa Limulus. Kwa mtu anayepima mafanikio kwa kusonga mbele kutoka mnyama wa chini kwenda wa juu, alikuwa amerudi nyuma. Naamini alikuwa ameelewa kwamba kwa chura alikuwa akisikiliza mwisho wa mazungumzo. Kati ya mwanga na uzi ule kulikuwa na matabaka mawili ya seli ambazo kwa vifaa vya wakati ule hakuwa na namna ya kuzifikia. Angeweza kuorodhesha tabia za nyuzi bila kikomo, lakini kueleza zinavyozaliwa asingeweza. Kwa Limulus wazungumzaji walikuwa wachache na wote wanafikika.

Basi akairudia ile ajabu ya taa za chumbani. Mwaka 1949 alitoa taarifa fupi kwamba kipokezi kimoja cha jicho la Limulus huzuiwa pale majirani zake wanapomulikwa. Mwaka huohuo alirudi Johns Hopkins akiwa profesa, na mwaka 1953 akahamia Taasisi ya Rockefeller, New York. Mwaka 1956, pamoja na Henry Wagner na Floyd Ratliff, akachapisha maelezo kamili. Kila kipokezi kinawapunguza kasi majirani zake, nao wanakipunguza kasi. Nguvu ya kuzuia hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Na kizuizi hakianzi mpaka jirani afikie kiwango fulani cha kupiga.

Kuna jambo moja katika vipimo vya mwaka uliofuata ambalo huwa linanifanya nisimame kila nikilisoma. Hartline na Ratliff walichukua vipokezi viwili, A na B, vilivyokaribiana kiasi cha kuzuiana. Kisha wakamulika eneo la tatu, C, lililo karibu na B lakini mbali na A kiasi kwamba halimgusi moja kwa moja. C alimzuia B. B alipopungua, hakuwa tena na nguvu ya kumzuia A, na A akapanda. Kipokezi kikaongeza kasi kwa sababu ya mwanga uliomulika mahali ambapo chenyewe hakina habari napo. Hii ilionyesha kwamba kinachomzuia jirani ni kile seli inachokitoa, baada ya yenyewe kuzuiwa, wala hakitegemei tu mwanga inaoupokea. Kila mmoja anamtegemea kila mmoja kwa wakati uleule.

Jambo la namna hiyo haliwezi kufuatwa kwa maneno. Ukianza kueleza A anavyomfanya B, B amekwisha kubadilika kwa sababu ya A mwenyewe. Hartline na Ratliff waliliandika kama milinganyo, mmoja kwa kila kipokezi, inayotatuliwa yote kwa mpigo: mwendo wa kila kipokezi ni ule ambao kingekuwa nao peke yake, ukitoa jumla ya vizuizi vinavyotoka kwa wenzake. Wakapima namba zake kwenye jicho halisi, wakakokotoa, na hesabu ikakubaliana na neva. Ile miaka ya hisabati na fizikia, ambayo mkaguzi angeiona kuwa ni kutangatanga, ndiyo iliyomfanya mtu wa sindano za kioo aone kwamba alichokuwa akikipima ni mfumo wa milinganyo. Ninaposikia vyuo vikiwapangia wanafunzi wa uzamivu njia iliyonyooka kutoka swali hadi tasnifu katika miaka mitatu, nawaza ni wangapi tunaowanyima miaka ya namna hiyo.

Na kuzuiana huku kuna kazi gani? Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alikuwa amelitazama tatizo hilo tangu mwaka 1865. Pale kijivu chepesi kinapoingia taratibu kwenye kijivu kizito, jicho la binadamu huona mstari mweupe zaidi upande mmoja wa mpaka na mstari mweusi zaidi upande wa pili, ingawa kwenye karatasi mistari hiyo haipo. Mach alikisia kwamba sehemu za retina zinaathiriana. Mwaka 1959 Ratliff na Hartline waliliweka jicho la Limulus mbele ya mpaka wa namna hiyo na kuusogeza pole pole huku wakisikiliza uzi mmoja. Walipofunika vipokezi vyote isipokuwa kile kimoja, neva ilieleza mpaka kama ulivyo: hapa mwanga mwingi, pale mdogo. Walipoviacha vyote wazi, neva ilipanda juu zaidi kabla ya mpaka na kushuka chini zaidi baada yake. Mistari ya Mach ilikuwa ndani ya neva. Aliyeko upande wenye mwanga, karibu na mpaka, ana majirani wachache wenye nguvu ya kumzuia, kwa hiyo anapanda. Aliyeko gizani karibu na mpaka anazuiwa na majirani waliomulikwa, kwa hiyo anashuka.

Fikiria maana yake kwa macho yetu. Retina moja ya binadamu ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, na neva ya macho ina nyuzi zinazokaribia milioni 1. Haiwezekani kila seli iwe na uzi wake wa kupelekea habari. Sehemu kubwa ya kile tunachokitazama kila wakati ni ukuta, anga, meza, yaani maeneo ambayo nukta moja inafanana na inayofuata. Jicho lenye kuzuiana linaacha kupoteza misukumo kwa kurudia yanayofanana na linaitumia kwenye tofauti. Ile dhana kwamba jicho hupeleka picha ubongoni haikufaa tena baada ya Limulus.

Mavuno ya karibu zaidi yalipatikana kwa mikono ya mtu mwingine. Stephen Kuffler, Mhungaria aliyekimbia Ulaya mwaka 1938 na kufanya kazi Sydney kabla ya kufika Marekani, alikuwa Johns Hopkins katika taasisi ya macho ya Wilmer. Alikuwa bingwa wa mahali neva inapokutana na msuli. Macho hayakuwa fani yake. Kwa kutumia kifaa kinachopitisha madoa madogo ya mwanga ndani ya jicho zima la paka, mwaka 1953 alionyesha kwamba seli ya ganglioni ina eneo lenye kitovu na mzingo, na viwili hivyo vinapingana. Ukimulika kitovu seli inapiga, ukimulika mzingo inanyamaza. Au kinyume chake kwa seli za aina ya pili. Ukimulika vyote pamoja, jibu ni dhaifu. Chura wa Hartline na kizuizi cha Limulus vilikuwa vimekutana ndani ya jicho la mnyama anayenyonyesha. Mwaka 1958 vijana wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walijiunga na maabara ya Kuffler, wakahamishia swali hilo kwenye gamba la ubongo na kukuta seli zinazochagua mistari yenye mwelekeo maalumu. Wao walipewa Nobel mwaka 1981. Kuffler alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, bila tuzo hiyo. Naona ni kasoro kubwa katika orodha ile, na silisemi hili kumpunguzia yeyote.

Wapo wanaompenda Hartline kupita kiasi, hadi wakaifanya retina yote kuwa mashine ya kunoa mipaka. Hilo nalikataa. Mwaka 1959, Jerome Lettvin na wenzake walionyesha kwamba katika jicho la chura mna seli zinazojibu zaidi kitu kidogo cheusi kinachosogea, kuliko mpaka wowote uliotulia. Leo tunajua kwamba retina ya panya ina aina zaidi ya 30 za seli za ganglioni, kila aina ikichuja jambo lake. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya seli hizo zinahisi mwanga zenyewe, bila msaada wa vijiti wala koni, na zinaupasha ubongo habari za usiku na mchana. Hakuna lolote kati ya haya ambalo Limulus peke yake angetufundisha. Kilichotoka kwa Limulus ni namna ya kuuliza: tafuta seli moja, ijue eneo lake, wajue majirani zake, pima wanavyobadilishana, andika hesabu inayoweza kushindwa. Aina zote 30 na zaidi zilipatikana kwa kuuliza hivyo.

Sasa nirudi kwa mgonjwa, maana pingamizi zito liko kwake. Mtu anayepoteza kuona hana miaka 80 ya kusubiri. Glakoma huua seli za ganglioni, na ndiyo inayoongoza duniani kwa upofu usioweza kurudishwa. Retinitisi pigmentosa huua vijiti na koni. Anayeamka kila mwezi akiona eneo lake la kuona limepungua ana haki ya kuuliza kwa nini fedha ziende kwa wanyama wa ufukweni. Sitamjibu kwamba kila utafiti wa msingi huzaa tiba, kwa sababu si kweli. Mwingi hauzai.

Tuzo ya 1967 yenyewe inatoa mfano mzuri. Hartline aliigawana na Ragnar Granit na George Wald. Wald, akiwa kijana, mwaka 1933 aliikuta vitamini A ndani ya retina, na baadaye akaeleza kemia ya rangi inayopokea mwanga. Upofu wa usiku na upungufu wa vitamini A vilikuwa vimeshahusishwa kabla yake, lakini yeye alionyesha sababu iliyo ndani ya jicho. Kazi hiyo ungeweza kumwelekeza mama mwenye mtoto asiyeona jioni. Kazi ya Hartline usingeweza kumwelekeza mtu yeyote. Watu wawili, jukwaa moja, mwaka mmoja. Na aliyewagawia wote wawili nafasi ya kufanya kazi hakuwa na njia ya kujua mapema ni ipi ingemfikia mgonjwa kwanza.

Kisha tazama mwaka 2021. Kundi lililoongozwa na José-Alain Sahel na Botond Roska liliripoti habari za mwanamume wa miaka 58 aliyepofushwa na retinitisi pigmentosa. Jicho lake moja lilidungwa kirusi kilichoondolewa madhara, kikiwa kimebeba jeni ya protini inayohisi mwanga, na lengo likiwa ni seli za ganglioni ambazo bado zilikuwa hai. Kisha akavaa miwani yenye kamera inayomulika retina kwa mwanga wa rangi ya kaharabu. Akiwa na miwani hiyo, baada ya mazoezi, aliweza kutambua, kugusa na kuhesabu vitu vilivyokuwa mbele yake. Uoni wake haukurudi kamili, na bila miwani hakuweza. Lakini angalia kamera yenyewe: haitumi picha nzima kila mara. Inatuma mabadiliko ya mwanga, nukta kwa nukta, kwa sababu waliounda kifaa walijua kwamba wanazungumza na mfumo wa neva unaoishi kwa tofauti. Mstari kutoka 1932 hadi hapo haujanyooka, una mamia ya watu katikati, na atakayesema Hartline alilipanga hilo anadanganya. Ninachodai ni kitu kidogo kuliko hicho: waliokuwa na haraka ya kutibu wasingekuwa na cha kushika kama wenye subira wasingekuwa wameruhusiwa kuwa na subira.

Kuna ubaya mwingine wa swali la "mgonjwa gani", ambao hautajwi sana. Unawasukuma watafiti wachague mnyama kwa sababu zisizo za kisayansi. Sehemu kubwa ya utafiti wa retina sasa hufanywa kwa panya, na sababu ni nzuri: vifaa vya jeni kwa panya vimeendelea kuliko kwa mnyama mwingine yeyote anayenyonyesha. Lakini panya ni mnyama wa usiku, na hana ile sehemu ya katikati ya retina yenye koni zilizosongamana ambayo sisi tunaitumia kusomea na kutambua nyuso. Sehemu hiyo ndiyo inayoshambuliwa na ugonjwa wa makula unaowapofusha wazee. Mtafiti anayeandika "panya" kwenye ombi lake hatakiwi kujitetea. Anayeandika "ndege" au "mjusi", ambao baadhi yao wana sehemu kama hiyo, atatakiwa kueleza kwa kurasa kadhaa. Krogh angeshangaa. Mnyama anafaa au hafai kulingana na swali, na kufanana naye kwa manyoya hakuongezi kitu kwenye vipimo.

Ningekuwa na sauti katika kamati ya ruzuku, ningetaka maombi ya utafiti wa msingi yasomwe kwa maswali tofauti na ya tiba, na kwa mfuko tofauti, ili mgonjwa wa leo asinyang'anywe fungu lake. Kwa mfuko wa msingi ningeuliza: jambo unalolichunguza linaweza kupimwa kwa usafi kwa mnyama huyu? Utajuaje kwamba umekosea? Ukikutana na kitu usichokitarajia, una muda wa kukifuata? Swali hili la mwisho ndilo linalouawa kwanza na ruzuku za miaka miwili au mitatu, ambazo humlazimu mtafiti aahidi matokeo kabla hajayaona. Ningetenga pia fedha za kuwapeleka wanabiolojia wenye vipaji kwenye hisabati na fizikia, na wanafizikia kwenye maabara za seli, kwa mwaka mmoja au miwili, bila kuwadai makala iliyochapishwa wanaporudi. Na ningewalipa vizuri mafundi wa maabara, wale ambao mikono yao inajua kuinyanyua retina hai bila kuichana, kwa sababu ujuzi huo hurithishwa kwa kukaa pamoja mezani, na maabara inapofungwa kwa kukosa fedha hupotea ndani ya msimu mmoja.

Hartline alistaafu mwaka 1974 na kufariki mwaka 1983. Macho ya Limulus yaliendelea kuchunguzwa baada yake. Mojawapo ya mambo yaliyopatikana ni kwamba usiku ubongo wa mnyama huyo hutuma ishara kurudi kwenye jicho na kuongeza uwezo wake wa kuona gizani kwa kiasi kikubwa mno. Hartline na wenzake walikuwa wakilikata jicho na kuliweka peke yake kwenye sahani, kwa hiyo ishara hiyo haikuweza kuwafikia. Robert Barlow, aliyefanya kazi katika maabara ya Hartline, ndiye aliyelifuata jambo hilo, akiwa na swali jipya kwa mnyama yuleyule: jicho hufanyaje likiwa bado limeungana na mwenyewe, usiku, baharini, anapomtafuta mwenzi wa kuzaliana naye?